Wafanyakazi wamempa shemeji yangu alama za chini, nizibandike ukutani?

Dada Mshauri, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Mwanga, hapa Kigoma. Jina langu naomba lisitoke, maana mji wetu unajuana, na wapo watakaonitambua kwa saruji tu.

Mimi ni mjane wa miaka 46. Mimi na marehemu mume wangu tulianza na kibanda cha misumari na rangi, Mwenyezi Mungu akabariki, leo kuna duka la jumla la vifaa vya ujenzi Mwanga na ghala Kibirizi, karibu na ufukwe. Tunauza saruji, nondo na mabati. Wateja wa hapahapa wapo, ila wanaobeba mzigo mkubwa ni wa ng'ambo ya ziwa, wa Kalemie na Uvira kule Kongo, na Warundi pia. Wafanyakazi wa kudumu wapo 19, ukiacha makuli tunaowaita siku ya kupakia.

Ghala lipo chini ya shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Baada ya arobaini ndugu walikaa kikao, wakasema biashara niendeshe mimi, na yeye awe jicho la familia. Sikupinga. Na sitaki nimseme kwa ubaya mtupu, kwa sababu ameshanifaa. Mwaka ule ziwa lilipojaa maji yakaanza kuingia kwenye majengo ya ufukweni, yeye ndiye aliyelala ghalani, na usiku kucha akawa na vijana wanahamisha mifuko kuipandisha juu. Unajua saruji ikishika unyevu inakuwa jiwe, huna wa kumuuzia. Bila usiku ule labda leo nisingekuwa na duka.

Sasa binti yangu wa kwanza amemaliza chuo Dodoma, masomo ya biashara, akarudi kunisaidia. Alinikuta nahangaika: vijana wanaacha kazi kila mara, hasa wa ghalani, na kila anayekuja mpya inabidi afundishwe upya kuhesabu mzigo. Binti akanisimulia habari za kampuni ya kompyuta ya India, HCL Technologies, ambayo mkuu wake wa wakati huo, Vineet Nayar, alisema wafanyakazi kwanza, wateja wafuate, na akawaruhusu wafanyakazi wawape mabosi wao alama, alama zikaonekana na kila mtu kwenye mtandao wa ndani wa kampuni. Ikanivutia. Tukaitisha kikao, nikawaambia wote kuanzia sasa hapa ni wafanyakazi kwanza, na kwamba kila mmoja atampima msimamizi wake. Wasimamizi ni watatu: wa dukani, mhasibu, na shemeji. Nikasema kwa mdomo wangu kwamba majibu yatabandikwa ukutani, wa juu mpaka wa chini.

Karatasi zilikuwa na maswali machache. Anakusaidia kufanya kazi yako? Anakusikiliza? Anakuheshimu? Alama moja hadi tano, na chini nafasi ya kuandika neno lolote. Hakuna jina.

Msimamizi wa dukani na mhasibu wamepata zaidi ya nne. Shemeji hajafika mbili. Ghalani wapo sita, na wote sita wameandika. Mmoja kaandika: "Akija asubuhi hasalimii, anauliza funguo." Mwingine: "Mfuko ukipasuka mkononi mwangu nakatwa hela siku hiyohiyo, mvua ikilowesha kumi hakatwi mtu." Kuna karatasi moja haina neno, ila alama zote ni moja, na kalamu imekandamizwa mpaka imetoboa.

Katikati ya hayo akaja mteja wetu wa Kalemie, yule anayebeba mzigo kuliko wote. Alifuata mabati. Msichana wa kaunta akamwambia geji 28 imepanda bei. Mteja akaja juu, akamtukana tusi ambalo siwezi kuliandika, akamrushia kikokotoo kikampata begani, akasema aitwe mwenye duka, yeye hazungumzi na maboyi. Nilitoka, nikamtuliza, nikampunguzia kidogo, akalipa taslimu akaondoka. Jioni msimamizi wa duka akaniambia wasichana wanaulizana: "Mama si alisema sisi kwanza? Kwanza ya wapi?" Nyuma ya kaunta yetu kuna maandishi ambayo marehemu aliyachoresha mwenyewe, "Mteja ni mfalme". Mmoja wao kauliza kama wachukue rangi wayafute.

Binti yangu anasema nibandike majibu, ahadi ni ahadi. Mhasibu anasema niyafungie kwenye droo, watu watasahau. Shemeji mwenyewe kaniuliza, "Shemeji, yale majibu vipi?" nikamwambia binti bado anajumlisha. Na habari zimeshafika Ujiji kwa mama mkwe. Alinipigia simu, hakusalimia hata vizuri, akasema: "Mwanangu mkubwa amekufa, huyu mdogo ndio mnampigia kura?"

Tangu siku hiyo usingizi sina. Nikibandika nawakosa ndugu wa mume wangu. Nisipobandika nawakosa wafanyakazi. Nimwondoe shemeji? Nikimwondoa ghala namkabidhi nani? Na huyu wa Kalemie nimfanye nini? Nisaidie, dada.

Mama wa Saruji, Kigoma

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole na kazi, na pole kwa simu ya Ujiji. Maneno ya mama mkwe yana uzito wake, nitayarudia baadaye.

Umeniuliza ubandike au usibandike. Ninavyokuelewa, umetoa ahadi mbele ya watu 19, na atakayeumizwa na ahadi hiyo ni ndugu wa mumeo aliyekufaa wakati wa shida. Ukiitekeleza, ukweni patachafuka. Ukiinyamazia, kikao kijacho utasema na watu ambao wameshaacha kukusikiliza. Na kabla hujaamua, mteja mmoja akaingia dukani akaleta swali hilohilo kwa njia ya kikokotoo. Kama nimekuelewa vibaya, utaniandikia.

Nianze na yule Mhindi, maana binti yako amekusimulia habari ya kweli ila hakuimaliza. Nayar alishika uongozi wa HCL mwaka 2005. Tathmini ya mabosi ilikuwepo hata kabla yake, lakini majibu yalikuwa yanaishia kwa bosi mwenyewe na wakubwa wake. Yeye alitaka wafanyakazi nao wayaone, na wa kwanza kuwekwa hadharani alikuwa yeye, mkuu wa kampuni, na mabaya yake yote. Wengine wakamfuata. Na majibu yale yalikuwa ya kumsaidia mtu ajirekebishe. Hayakuwa ya kupandishia cheo wala kukatia mshahara.

Sasa tazama orodha yako. Ina msimamizi wa dukani, mhasibu na shemeji. Wewe hukuwemo. Binti yako, ambaye nadhani siku hizi naye anatoa maagizo pale dukani, hayumo. Sikulaumu, wenye mali wengi hawajihesabu kuwa ni wasimamizi. Ila jiweke kwenye nafasi ya shemeji anapoletewa karatasi ile. Yeye aliambiwa na ndugu awe jicho, akajiona yuko sawa na wewe, leo anapimwa na vijana wa kubeba mifuko wakati wewe na mwanao mmesimama pembeni na kikokotoo mkijumlisha. Hata angekuwa mpole namna gani, angeuliza mbona yeye tu. Ungemjibu nini? Na wafanyakazi je, wangekupa ngapi kwenye swali la "anakusikiliza", hasa wiki hii? Ninauliza kwa sababu jibu la hilo linaweza kubadilisha maana ya kubandika. Karatasi ya shemeji ikiwa peke yake chini ya orodha inasomeka kwa namna moja, na karatasi yako ikiwa imetangulia inasomeka kwa namna nyingine.

Lipo jambo la pili ambalo linanipa hofu kuliko hata ukwe wako. Kule HCL walikuwa makumi ya maelfu, mtu akimpa bosi alama mbaya anapotea kwenye umati. Ghalani kwako wapo sita. Shemeji anafanya nao kazi kila siku, anaona wanavyoandika kwenye leja mzigo ukiingia na ukitoka, mwandiko wa kila mmoja anaujua kama anavyojua sauti zao. Karatasi haina jina, lakini yule anayekatwa hela kwa mfuko uliopasuka anajulikana kwa mfuko wenyewe. Ukibandika maneno yao, au hata ukimsomea shemeji faraghani neno kwa neno, utakuwa umemtaja mtu. Ulipotoa ahadi uliwaahidi kuonyesha majibu, na kwa kutoweka nafasi ya jina uliwaahidi pia kuwaficha. Ahadi hizo mbili zinagongana kwenye kikundi cha watu sita, na sidhani kama kuna aliyeliona hilo siku ya kikao.

Kwa hiyo, ubandike au usibandike alama, yale maneno naomba uyatoe kwenye mjadala huu kabisa. Yasome wewe, tena taratibu, kwa sababu ndani yake kuna mambo ya aina tofauti yaliyochanganywa. La kutosalimia ni tabia, mtu anaweza kuambiwa akabadilika au asibadilike. Lakini hili la kukatwa hela siku hiyohiyo nimelisoma nikaweka barua yako chini. Hilo halihitaji kura ya mtu yeyote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kumkata mfanyakazi kwa hasara ya kazini hivihivi. Hasara iwe imetokana na kosa lake, aandikiwe sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na jumla ya makato isizidi robo ya ujira wake. Je, hizo hela zinazokatwa zinaingia kwenye daftari la mhasibu? Ulikuwa unajua? Kama zinakatwa kwa jina la duka, anayedaiwa mbele ya sheria ni wewe mwajiri, wala si shemeji. Hili unaweza kulimaliza kesho asubuhi bila kubandika chochote na bila kumtaja mtu: tangazo moja kwa duka na ghala pamoja kwamba hakuna makato tena bila maandishi na sahihi yako, na waliokatwa warudishiwe. Huenda vijana wa ghalani wakaona hilo ni kubwa kuliko orodha yoyote ukutani. Hatari yake ni kwamba shemeji ataelewa imetokea wapi, hivyo ni vizuri aisikie kwako kabla haijatangazwa.

Turudi kwa shemeji mwenyewe. Umesema alilala ghalani ziwa lilipojaa, na kwamba alihamisha mifuko akiwa na vijana. Vijana hao wamepita kwenye barua yako kwa maneno mawili tu. Wangapi kati yao bado wapo? Wangapi ni miongoni mwa wale walioandika? Shemeji ana deni kwako kwa usiku ule, nakubali kabisa, ila sijui kama kuna mtu aliyewahi kuwaambia wale wengine kwamba nao waliokoa duka. Mtu anaweza kuwa shujaa siku ya mafuriko, halafu siku za kawaida akashindwa kusema habari za asubuhi. Huenda shemeji yako ni wa namna hiyo. Huenda pia hakuna aliyewahi kumfundisha kusimamia watu. Alipewa kazi ya kuangalia mali ya kaka yake, na mwenye kuangalia mali kila anayeigusa anamwona mwizi mtarajiwa.

Nina swali ambalo barua yako haikulijibu, nalo ni zito. Shemeji ni nani kwenye biashara hii? Ana mkataba wa ajira na mshahara, au anachukua posho akihitaji? Mirathi ya marehemu ilifunguliwa na kufungwa, au mlimalizana kwenye kikao cha arobaini tu? Kama ni mwajiriwa, ujue alama peke yake haziwezi kuwa sababu ya kumwachisha kazi. Sheria inataka sababu halali na utaratibu wa haki, aambiwe kosa, apewe nafasi ya kujieleza na kujirekebisha, na akiona ameonewa ana siku 30 za kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kama si mwajiriwa, anajihesabu mwenye mali, basi hilo haliamuliwi na kura ya ghalani wala na mimi huku. Ni la ukoo na la mirathi, na likihitaji mwanasheria mtafute mapema, kabla mtu hajakasirika. Naona mara nyingi kwenye barua zinazonifikia, ndugu wanaoshindwa kuulizana swali hili mezani huja kuulizana mahakamani.

Sasa njia ulizonazo, nikuonyeshe na miiba yake. Unaweza kubandika kama ulivyosema, alama tupu bila maneno. Utakuwa umesimamia kauli yako, na wafanyakazi watajua mama akisema amesema. Lakini shemeji akiona orodha kabla hujaongea naye, usitegemee atarudi ghalani kesho yake na tabasamu. Anaweza kuwaandama wale sita. Anaweza kuondoka, na akiondoka anaondoka na mengi kichwani: nani anadaiwa mali kauli, nani wa Uvira analipa kwa wakati, mzigo gani umehesabiwa nusu. Kabla ya njia hiyo hakikisha leja ipo sawa na mtu mwingine anaijua.

Unaweza kufanya anavyosema mhasibu, ufungie kwenye droo. Kwake ni rahisi kusema, yeye amepata zaidi ya nne! Watu hawatasahau. Watajifunza kwamba karatasi zile ni mchezo, na mwakani kila msimamizi atapata tano safi, wa ghalani naye tano, na wewe hutajua tena kinachowaondoa vijana wako. Faida yake pekee ni utulivu wa muda, na wakati mwingine muda ndio mtu anaohitaji, siwezi kuudharau.

Au uwaite wote uwaambie ukweli nusu unaoweza kusemwa: majibu yapo, hayajatupwa, yatatoka, ila kwanza wewe na binti yako mtapimwa kama wengine, na kila msimamizi ataona yake faraghani kabla hayajaenda ukutani. Ukitaja siku utakuwa umejifunga vizuri zaidi. Katika muda huo unakaa na shemeji, wewe na yeye, bila binti, kwa sababu kijana kumsomea baba yake mdogo makosa yake ni jambo ambalo Kigoma nzima haitalimeza. Mwambie jumla ya alama na mambo makubwa, kwa maneno yako, ukichanganya ya wote. Mwulize yeye anaonaje; pengine naye ana ya kusema kuhusu wewe. Mwiba wa njia hii ni kwamba wafanyakazi wanaweza kuona unapiga danadana ili ndugu apone. Na binti yako anaweza kuvunjika moyo. Msikilize, maana yeye ndiye aliyekuletea wazo, na hoja yake ya ahadi ni ya kweli.

Kuna kitu kingine HCL walikuwa nacho ambacho husimuliwa mara chache kuliko alama za mabosi, nami nakiona kinafaa zaidi duka la watu 19. Mfanyakazi akiwa na shida na ofisi yoyote, ya fedha au ya utumishi, aliifungua kwenye mfumo wa kompyuta kama mteja anavyofungua malalamiko, na mwenye uwezo wa kuifunga alikuwa yeye aliyeifungua, akiridhika. Bosi hawezi kuandika "limeshughulikiwa" akaenda zake. Kwako hapo haihitaji kompyuta, daftari linatosha, na wewe unalipitia kila wiki. Ila lisigeuke kuwa kama yale masanduku ya maoni kwenye ofisi zetu, kufuli imeshika kutu na ufunguo aliondoka nao mkuu aliyehamishwa.

Kuhusu wa Kalemie. "Wafanyakazi kwanza" kwa Nayar haikuwa na maana ya kumdharau mteja. Hoja yake ilikuwa kwamba thamani inazaliwa pale mfanyakazi anapokutana na mteja, kwa hiyo kazi ya bosi ni kumwezesha yule aliye pale. Herb Kelleher wa shirika la ndege la Southwest, Marekani, alishika msimamo wa namna hiyohiyo, na shirika lilipata faida kila mwaka kuanzia 1973 hadi 2019. Lakini tuwe wakweli: Southwest ikimkosa abiria mmoja mkorofi haitajua. Wewe ukimkosa huyu, boti zima la mabati limehamia kwa jirani, na mishahara ya haohao wasichana inatoka kwenye mabati hayo. Kwa hiyo sitakwambia umfukuze, wala sitakwambia umlambe miguu.

Nadhani wasichana hawakuuliza kwa nini hukumfukuza. Soma tena walichokiona: mwenzao katukanwa na kupigwa, mama katoka, kaongea na mteja, kampunguzia bei, mteja kaondoka. Katika maelezo yako sikuona mahali ulipomgeukia yule msichana. Huenda ulimgeukia ukasahau kuandika. Kama bado, hujachelewa, na hilo halikugharimu hata shilingi moja. Kuhusu mteja, anaweza kupigiwa simu kabla ya safari yake nyingine, kwa heshima zote, aambiwe bei atajadili na wewe, ila mkono kwa watoto wa dukani hapana. Wafanyabiashara wa ng'ambo wanajua heshima, wengi wao ni waungwana sana, na inawezekana kabisa huyu naye alishajutia akiwa ndani ya boti. Inawezekana pia akakasirika akahama. Piga hesabu kabla hujainua simu: akienda, duka linabaki na nini kwa miezi mitatu? Kumhamisha msichana nyuma ili wasikutane ni njia nyingine, lakini muulize mwenyewe kwanza, maana anaweza kuona ndiye aliyeadhibiwa. Maandishi ya ukutani yaache kwa sasa. Ni mkono wa marehemu, na ukiyafuta wiki hii Ujiji watapata la pili la kusema.

Na Ujiji uende. Usimjibu mama kwa simu. Yule mama amezika mtoto, na aliyebaki anasikia amewekwa kwenye mizani na watu baki; sidhani kama anakugombeza wewe hasa. Nenda siku ya mapumziko, na uende kabla orodha haijatoka, hata kama baadaye utaamua isitoke. Mweleze kwamba hakuna aliyepigiwa kura ya kuondoka, na kwamba wewe pia utapimwa. Kama bado hujaamua utapimwa, basi hilo usimwambie kwanza, maana akishalisikia atalidai. Akikuuliza kama mwanawe amefanya vibaya, usimdanganye, lakini usimpe namba. Mwambie hayo utaongea na mwenyewe. Ila shemeji awe anajua unakwenda na unakwenda kusema nini, asije akayasikia kwa mama yake kabla hajayasikia kwako.